Safari ya Bi Mauza na Vifurushi vya Watu

Mkaguzi Angela Mushi alipanda ngazi za ghorofa ya Mzee Sheikhan akiwa na mambo mawili ya hakika. La kwanza, dawa za kulevya zilikuwa ndani ya nyumba hiyo. La pili, wenye nyumba hawakuwa na habari. Jambo la tatu, yaani nani aliyeziweka, alikuwa hajalijua bado, lakini Angela hakuwa mtu wa kujisumbua kwa jambo ambalo alitarajia kulijua kabla ya chakula cha mchana.

Taarifa ilikuja asubuhi hiyo kwa simu. Sauti ya mtu anayeongea huku anatembea ilisema kwamba mzigo unaondoka leo na wazee wawili wa Kariakoo, mume na mke, wanaokwenda kutembea Malaysia, na wenyewe hawajui wanachobeba. Kisha simu ikakatwa na ile namba haikupatikana tena. Katika abiria wote wa ndege ya jioni, wazee wa namna hiyo walikuwa Sheikhan na mkewe Mauza peke yao.

"Una mpaka saa nane mchana," mkuu wake alikuwa amemwambia. "Ukimpata mwenye mzigo, vizuri. Ukimkosa, wakifika uwanjani nawakamata wote wawili. Mzigo ukiwa kwenye sanduku lako ni wako."

"Na wakiondoka nao?"

"Huko wanakokwenda hawana mchezo na mambo hayo. Afadhali mahabusu ya hapa."

Sajenti Aaron, mtu mzima mwenye kitambi na miaka mingi kazini, alikuwa ameshauri waje na mbwa. Angela alikataa. Mbwa wa polisi akishuka mtaa wa Sikukuu, kabla hajakanyaga ngazi ya kwanza, habari zitakuwa zimeshaingia kwenye simu zote za Kariakoo, na mwenye mzigo atakuwa anakula mahindi ya kuchoma Chalinze. Kwa hiyo walikuja wawili tu, kiraia, na mwavuli mmoja.

Mlango ulifunguliwa na Bi Mauza mwenyewe, mwanamke mfupi, mnene, amevaa dera la kijani, mikono yake imepakwa hina mpya mpaka kwenye viwiko. Hina hiyo ilimchoma Angela moyoni. Mtu hapaki hina ili aende mahabusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Kama mmeleta mzigo wa kupeleka, mmechelewa, masanduku yamejaa. Lakini hebu tuuone."

"Hatujaleta, mama. Tumeufuata."

Mzee Sheikhan aliitwa kutoka dukani chini, ambako anauza vitambaa vya mapazia. Alikuwa mrefu, mwembamba, na futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Angela alionyesha kitambulisho na kuwaeleza kila kitu bila kuzunguka. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: mtu asiye na hatia ukimzungusha sana, anaanza kujibu kama mwenye nayo.

Mzee Sheikhan akakaa. Bi Mauza akabaki amesimama.

"Sanduku langu mimi?"

"Lako au la mzee. Ndicho nilichokuja kukijua."

"Basi fungua yote. Na kabati fungua."

Masanduku yalikuwa mawili, katikati ya sebule, mapya, magumu, ya aina ile inayouzwa kila kona ya Kariakoo. La mzee la bluu, la Bi Mauza rangi ya zambarau. Aaron akapiga magoti na kuanza kutoa vitu kimoja kimoja. Angela akavuta kiti.

"Safari hii aliipanga nani?"

"Khalil," akasema Mzee Sheikhan. "Mtoto wa kaka yake Mauza, marehemu. Tumemlea humu humu ndani tangu yuko darasa la pili. Ningekuwa mimi, tungekwenda Muscat kama siku zote."

"Muscat si safari," akasema Bi Mauza. "Muscat ni kubadilisha jiko. Naacha kuwapikia ndugu wa hapa, naenda kuwapikia wa kule. Mwanangu, fungate yangu ilikatizwa siku ya tatu, kontena la vitambaa limefika bandarini. Tangu siku hiyo nasubiri zile siku zilizobaki. Khalil ndiye aliyesema, shangazi, nendeni mahali ambapo hamjulikani na mtu."

"Na huko hamjulikani na mtu?"

"Tulidhani hivyo. Habari ilipotoka tu, kumbe nusu ya Dar ina mtoto anasoma Malaysia."

Angela hakuhitaji maelezo zaidi. Hapa Bongo ukisema unasafiri kwenda nje, safari si yako tena, ni ya ukoo, ya jirani, na ya watu ambao hujawahi kuwaona. Kila mmoja anakuja na kifurushi chake, anakaa, anakunywa chai, anasema ni kidogo tu, hakina uzito. Kumkataa ni kumwambia humtaki. Watu wenye akili timamu, ambao hawawezi kumwazima jirani simu, wanabeba mfuko wa mgeni na kuvuka nao bahari bila kuufungua. Angela alikuwa ameshaona watu wakifungwa kwa adabu hiyo, na ilimkera kila mara.

Vifurushi vilijaa mkeka. Ubuyu, dagaa wa Kigoma, unga wa muhogo, vitenge, pilipili ya kusaga iliyomfanya Aaron apige chafya mpaka akatoka kwenda barazani. Alifungua kila mfuko, akachoma kila unga kwa sindano ndefu, akanusa, akafunga tena. Kisha akageukia masanduku matupu. Akagonga pande zote, akapapasa kitambaa cha ndani, akazungusha magurudumu.

"Safi, afande. Isipokuwa hili hapa."

Lilikuwa koti la mtumba, zito, la baridi. Chini, kwenye pindo, bitana yake ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, na ndani yake kulikuwa na vitu vigumu vilivyojipanga kama vidole.

"Malaysia kuna joto kama hapa," akasema Aaron, na uso wake ukang'aa. "Koti la nini?"

"La nani?" Angela akauliza.

"La Zena fulani," akasema Bi Mauza. "Anauza mitumba Mchikichini. Simjui, aliletwa na jirani. Alisema binti yake ndiye anayesoma huko."

Aaron alikuwa ameshatoa wembe. Angela akamzuia mkono.

"Kifurushi kinafunguliwa mbele ya aliyekifunga, Sajenti. Nataka kumwona uso wakati nyuzi zinakatika."

Mvua ya usiku ilikuwa imeifunga barabara ya Jangwani, na magari yote yaliyozoea kupita huko yalikuwa yamehamia Kariakoo. Waliacha gari, wakaenda kwa miguu. Zena walimkuta kwenye meza yake ya makoti na jaketi, katikati ya soko la Mchikichini. Alikuwa mama wa makamo, mkali, sauti ya kuitia wateja bado imo kooni. Alipoliona koti mikononi mwa Angela, sauti ile ikakatika.

"Nani kakupa hilo?"

"Polisi, mama. Ndani ya pindo kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Nikate?"

"Usikate." Zena akatazama kulia na kushoto, akamvuta Angela nyuma ya rundo la makoti. "Dada, wewe una mtoto?"

"Ninao wawili."

"Basi kata mwenyewe uone, lakini usipige kelele."

Angela akakata. Vikatoka vijiti vya rangi ya kijivu, vimefungwa kwenye nailoni. Akavunja kimoja. Kilinukia kama vumbi lililopata tone la kwanza la mvua, na papo hapo Angela akajua kilikuwa nini, kwa sababu mimba zake zote mbili alikuwa amekitafuta kila genge la Ilala.

"Udongo," akasema.

"Wa kula. Sofia wangu ana miezi minne, na baba yake hajui hata kama ana mchumba. Kila siku ananipigia, mama nataka udongo, mama naota udongo. Ningeuweka wazi kwenye kifurushi, yule Bi Mauza angeuona. Angeuliza, na jirani yangu angejua kabla ya swala ya adhuhuri."

Aaron alikitazama kile kijiti kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa ushindi mdomoni. Angela akarudisha vijiti ndani ya pindo, kimoja kimoja, na Zena akalishona.

"Siri ya Sofia imebaki hapa. Ila kuanzia leo usimfiche mtu anachokubebea. Huyo mama angesimamishwa uwanjani kwa ajili ya udongo wako."

Zena akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Sikulifikiria hilo."

Mtu mwingine angehesabu asubuhi hiyo kuwa imepotea. Angela aliihesabu kuwa faida. Vifurushi vyote vilikuwa safi, kwa hiyo mzigo haukuja kwa mlango wa vifurushi. Aliyeupanga alijua kwamba polisi akiingia atakimbilia mifuko ya watu, na aliiacha imzuge. Huyo hakuwa mgeni aliyekaa akanywa chai mara moja. Alikuwa mtu aliyeijua nyumba.

Waliporudi na lile koti, nyumba nzima ilikuwa inanukia udi. Bi Mauza alikuwa amekaa chini sebuleni, ameweka chetezo chenye makaa, na juu yake ameishika kanzu ya mumewe, anaigeuzageuza ili moshi upenye.

"Mikono haitulii," alisema bila kuulizwa. "Nikikaa bure nitapiga mayowe. Mlimpata?"

"Tulimpata, hana kosa." Angela akaokota dera moja kutoka kwenye rundo la nguo za Bi Mauza, akalinusa. "Na hizi ulizifukiza?"

"Zote. Juzi, kabla sijapanga. Nguo haitoki kwangu bila udi."

"Nguo tu?"

"Na masanduku. Sanduku jipya lina harufu ya dukani, ukiweka nguo inaharibu udi wote. Nalifungua, nalifunika juu ya chetezo mpaka moshi ukolee. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi nafanya hivyo."

Angela akaenda kwenye sanduku la bluu, akaingiza kichwa ndani mpaka mabega. Aaron alimtazama, akatazama pembeni. Ndani ya sanduku la mzee udi ulikuwa umejaa mpaka kwenye pembe. Akahamia kwenye la zambarau. Juu kulikuwa na harufu hafifu ya udi, ile iliyoachwa na nguo. Chini, kwenye pembe, hapakuwa na udi hata kidogo. Palinuka gundi.

Akatoa kichwa.

"Bi Mauza, una hakika hili ulilifukiza?"

"Nina hakika nimelichoma hata. Cheche iliruka ikatoboa kitambaa, hapo pembeni kwenye mfuko wa ndani. Katundu kama punje ya mtama. Nilimficha Sheikhan, angesema nimeharibu kitu kipya."

"Nionyeshe hilo tundu."

Bi Mauza akasogea kwa magoti. Akapapasa mfuko wa ndani, akaugeuza, akaupapasa tena. Kisha akarudi nyuma polepole, kama mtu aliyekuta nyoka jikoni.

"Hili si sanduku langu."

"Si lako," akasema Angela. "Nguo ni zako, sanduku si lako. Mtu kanunua linalofanana nalo, kalitengenezea kitako kingine juu ya kitako chake, kaficha mzigo katikati, kahamisha nguo zako, kazipanga kama zilivyokuwa. Kafanya kazi nzuri sana. Hakujua tu kwamba hapa kwako na sanduku linafukizwa."

Aaron akatoa wembe kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili Angela akamzuia.

"Nikikata mimi, nimepata dawa. Nataka akate anayejua pa kukata." Akamgeukia Bi Mauza. "Tangu ulipolifunga juzi, nani mwingine alilishika?"

Aliyejibu ni Mzee Sheikhan, na alijibu akiwa anatazama sakafu.

"Khalil aliyachukua yote mawili jana. Alikwenda kuyapima uzito kwa Leodegar, hapo ng'ambo, tusije tukasumbuliwa uwanjani. Aliyarudisha alasiri. Alisema yako sawa."

"Na huko mnakokwenda, nani anawapokea?"

"Rafiki yake Khalil. Alisema tusihangaike na mizigo, huyo rafiki ataichukua mwenyewe na kutuletea hotelini."

Angela alishuka ngazi, akavuka mtaa kwa hatua za mtu anayekwenda kununua sukari.

Leodegar alikuwa anauza nafaka kwa jumla, Mchaga wa Rombo, amejaa mlangoni kama gunia la kwanza katika safu.

"Mangi, mambo?"

"Poa, dada. Karibu mchele."

"Jana Khalil wa Mzee Sheikhan alileta masanduku kupima?"

"Apime na nini? Mizani yangu iko kwa fundi tangu Jumatatu. Naazima kwa jirani, na jirani kila nikiingia ananuna."

"Hakuja hata kuuliza?"

"Jana Khalil sijamwona kabisa. Kwani vipi? Na wewe lafudhi hiyo, ni wa wapi nyumbani?"

"Machame."

"Wamachame kwa ubahili! Basi ndiyo maana hununui kitu," akasema Leodegar, na Angela akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hakucheka alipopanda ngazi tena. Alijua jina, lakini jina halitoshi. Mtu kudanganya kuhusu mizani si kosa la jinai. Khalil angeweza kusema alipima kwingine, kwamba sanduku lilibadilishwa huko, na kwamba yeye ni mhanga kama shangazi yake. Wakili yeyote wa maana angemtoa. Angela aliieleza nyumba ile mpango wake kwa maneno machache, na alimweleza Bi Mauza, si mumewe.

Bi Mauza alisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nimdanganye mwanangu."

"Nataka umwambie neno moja, kisha umwache achague."

"Akikaa akala, akamaliza chakula chake?"

"Nitamwomba radhi mbele yako, nami nitaanza upya."

"Na asipokaa?"

"Hapo mimi sitakuwa na la kukuambia, mama."

Bi Mauza akasimama, akaingia jikoni. Walimsikia akipakua.

Sajenti Aaron alitoka kwa mlango wa nyuma na sanduku la zambarau limezungushiwa kitambaa cha pazia, akashika njia ya Mchikichini. Nguo za Bi Mauza ziliingizwa kwenye begi kubwa la nailoni la mirabamiraba, lile la shangazi kaja, ambalo lilikuwa juu ya kabati likitunza mito. Angela akavaa buibui la Wafa, binti wa nyumba aliyeolewa Tanga, akakaa mkekani kama mmoja wa wale walioleta vifurushi.

Khalil aliingia baada ya adhuhuri, ufunguo wa gari unazunguka kidoleni. Alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooka, marashi ya bei mbaya, tabasamu la mtu anayependwa nyumbani kwao. Alisalimia vizuri. Alimbusu shangazi yake mkono, juu ya hina.

"Shangazi, pilau limenipokea kwenye ngazi. Gari nimeliosha, mafuta nimejaza. Leo nakupeleka kama bibi harusi."

"Kaa ule kwanza, baba."

Akanawa, akakaa, akamega tonge la kwanza. Mzee Sheikhan alikuwa anakula bila kuinua macho. Khalil akatia tonge la pili mdomoni, na macho yake yakatembea mpaka mlangoni, ambako sanduku la bluu lilikuwa limesimama peke yake.

"Lile jingine liko wapi?"

"Nimempa mtu," akasema Bi Mauza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na Angela alimheshimu kwa hilo. "Yule mama Zena wa Mchikichini aliyeleta koti. Zipu yake inanikwaruza hina, na ni zito. Nguo zangu nimezitia kwenye shangazi kaja."

Khalil akaacha kutafuna.

"Umempa lini?"

"Sasa hivi tu. Anakwenda kuliuza pale mezani kwake. Kula."

"Shangazi, nimesahau kufunga gari."

"Litakaa. Kula kwanza."

"Narudi sasa hivi."

"Khalil." Bi Mauza akamshika mkono. "Kula kwanza, mwanangu. Nakuomba."

Akauchomoa mkono wake taratibu, akatabasamu, akatoka. Hakunawa. Wali ulikuwa bado kwenye vidole vyake, na walisikia viatu vikishuka ngazi polepole ghorofa ya kwanza, kisha mbio.

Hakuna aliyekula tena. Angela aliweka simu yake mkekani, kioo juu. Nje msukuma toroli alikuwa anapiga kelele za bei ya ndizi, akaenda, akarudi. Kisha simu ikatetemeka.

"Afande, tunaye," akasema Aaron, anahema. "Kaja na bodaboda. Hakumsalimia mama wa watu, hakuuliza bei. Kalidaka sanduku, kalifungua hapo hapo chini, katoa kisu cha kukatia maboksi, kachana chini kabisa, kona ya kushoto, bila kubahatisha. Ana mzigo mkononi na pingu juu yake."

"Mama Zena hajaumia?"

"Hajaumia. Anamtukana. Nimemwomba apumzike, hataki."

Angela akakata simu. Bi Mauza alikuwa ameshaivuta sahani ya Khalil. Akasawazisha wali pale alipomega, akaifunika kwa kawa, kama alivyomfunikia miaka yote alipochelewa kurudi. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, uso wazi, mikono ya hina imeshika magoti, na Angela, aliyekuwa na kesi ya kujivunia mwaka mzima, alimwonea uchungu na kumwacha alie.

Simu kwa mkuu wake aliipigia jikoni. Mkuu alitaka wazee nao waletwe kituoni. Angela akamwambia kwamba maelezo yao ameshayachukua, kwamba wanarudi baada ya wiki mbili, na kwamba ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye mkono wenye wali huko Mchikichini. Mkuu akaguna. Kwa mkuu huyo, kuguna kulikuwa ndiyo.

Aliporudi sebuleni, Mzee Sheikhan alikuwa ameshika simu yake.

"Nampigia wa tiketi," alisema. "Tunaahirisha. Safari gani tena hii? Watu watasema nini, mtoto yuko ndani, sisi tuko hotelini?"

"Weka simu," akasema Bi Mauza.

"Mauza, safari yenyewe kumbe ilipangwa na—"

"Khalil aliipanga kwa sababu zake. Mimi zangu nilikuwa nazo kabla hajazaliwa." Akajifuta macho kwa upindo wa dera. "Nikirudi nitakwenda kumwona, na nitampelekea chakula. Leo nina siku zangu nne za fungate, na siku hizo mimi ndiye niliyezisubiri, si yeye." Akamgeukia Angela. "Yule rafiki wa kutupokea?"

"Wenzetu wa kule wameshaambiwa. Mkimwona, mtamwona amesimama kati ya watu wawili wenye sare. Mpite tu, chukueni teksi."

"Na hapa nani anatupeleka uwanjani?"

"Mimi," akasema Angela.

Mzee Sheikhan akaitazama ile simu, kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Akaiweka simu mfukoni, akavua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni tangu asubuhi, akaitundika ukutani.

Bi Mauza alikuwa ameshaanza kuzitoa nguo zake kwenye shangazi kaja. Alipuliza makaa, akaongeza udi, akalifungua begi na kulifunika juu ya chetezo, mumewe akimsubiri mlangoni na saa nane ikikaribia. Hakuna aliyemharakisha. Moshi ulipokolea, alilisukuma begi mbele ya Mkaguzi.

"Nusa. Pembe zote nne."

Angela akapiga magoti na kunusa pembe zote nne, moja baada ya nyingine, kwa umakini ule ule wa kazini.

"Lako hili, mama."

"Basi nisaidie kupanga," akasema Bi Mauza. "Na lile koti la Zena litie juu, lisije likakunjika."